Kurasa kumi na moja, na baba bado hajazaliwa

Mzee alifika kwangu Chang'ombe Jumamosi moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, kauntabuku la kwaya tatu kalibana kwapani kama mtu anayepeleka hesabu kwa tajiri. Nikamwamkia, akaitikia, akaikataa chai, akaliweka daftari mezani.

"Mwanangu, nimeanza kitabu. Nataka unisomee, uniambie kama naandika au nachezea wino."

Ana miaka 61. Alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka alipostaafu. Anaishi Keko, mtaa uleule alikokulia. Baba yake, aliyezaliwa 1925, alikuwa kuli katika bandari hiyohiyo, na alikuwepo mwaka wa mgomo, 1947. Mzee alitaka kuandika kitabu kuhusu baba. Daftari alilinunua Januari, na sasa ilikuwa Mei.

Mimi kazi yangu ni kuhariri, na wateja wangu wengi ni watu wanaoandika kwa mara ya kwanza. Kisa hiki nakiandika kwa idhini yake, mradi jina lake lisiwepo. Nimekichagua kwa sababu nilikipima vibaya mwanzoni, na si vibaya kidogo.

Kilichokuwa daftarini

Kurasa zilizoandikwa zilikuwa kumi na moja. Nyingine zilikuwa zimechanwa, mabaki yake yakionekana kwenye mshono kama meno yaliyobaki kwenye fizi. Nikamuuliza ni ngapi. Akasema kama arobaini hivi. Alikuwa ameanza upya mara sita.

Sentensi ya kwanza ilisomeka hivi: "Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii kumshukuru Mwenyezi Mungu mwingi wa rehema kwa kunijalia afya njema hata nikaweza kuandika kitabu hiki." Aya nzima ya shukrani. Kisha Mzizima, kijiji cha wavuvi. Kisha Sayyid Majid, sultani wa Zanzibar, anakuja miaka ya 1860 na kuanza kujenga mji wa Dar es Salaam. Kisha Wajerumani wanahamisha makao yao kutoka Bagamoyo, 1891. Mwandiko mzuri, wa karani hasa, mistari imenyooka na tarehe zimepigiwa mstari kwa rula. Ukurasa wa kumi na moja unaishia Septemba 1916, Waingereza wanaingia mjini. Baba mwenyewe atazaliwa miaka tisa baadaye.

Nililifunga daftari nikamuuliza, baba yako alikuwa mtu wa namna gani?

Akacheka. Akaegemea kiti. Na sauti ikabadilika.

"Baba? Baba alikuwa akirudi jioni haongei na mtu. Anapitiliza uani, anakaa kwenye mbuzi ya nazi, mgongo kaupa ukuta. Kichwa chote katani. Mpaka nyusi, katani, utadhani kazeeka njiani. Sasa mama anamchambua nyuzi, moja moja. Mimi nina miaka sita, kazi yangu kushika koroboi. Nikisinzia mkono unashuka, moto unamkaribia sikio, basi ananiambia: 'We nahodha, unaunguza meli!'"

Nikamwambia, mzee, hicho ndicho kitabu. Akanitazama kama niliyemwambia atoke barabarani akiwa amevaa msuli. "Hicho si cha kuandika. Hizo ni hadithi za uani."

Nilivyokipima

Kwa hiyo nikajiona nimeshapata jibu. Tatizo ni lugha. Huyu mtu kwa miaka thelathini kila alichoandika kilikuwa na "Yah:" juu na "Wako mtiifu" chini. Shuleni alifundishwa insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na utangulizi unaanza mbali. Mkono wake ukigusa kalamu, unavaa tai. Wengi wetu tuko hivyo. Mtu anasimulia msiba wa jirani kwenye daladala mpaka konda anasahau kudai nauli, mwambie aandike, atakuletea "mnamo tarehe tajwa hapo juu".

La pili, nikasema, ni ukubwa wa kazi. "Kitabu kuhusu baba" si mwanzo, ni mlima unaouangalia kutoka chini. Mtu asiyejua aanzie wapi huanzia mwanzo wa dunia, kwa sababu hapo angalau hapana ubishi.

Dawa nikaitoa palepale. Ana simu nzuri, aliinunua kwa kiinua mgongo. Nikamwonyesha pa kurekodi. Kila siku baada ya swala ya alfajiri, kabla wajukuu hawajaamka, asimulie dakika kumi jambo moja tu alilolishuhudia kwa macho yake mwenyewe. Si alilosimuliwa wala alilolisoma. Jioni asikilize na kuandika neno kwa neno kama lilivyotoka, asisahihishe. Sayyid Majid akae pembeni kwanza, hana haraka.

Hilo la saa lilihitaji maelezo, maana mzee aliamini wastaafu wana muda. Muda hana. Ana misiba, ana vikao vya harusi, ana foleni ya kwenda kumwangalia mgonjwa Mbagala. Alichokuwa nacho ni "nikipata nafasi", na nafasi mjini hapa haipatikani, unaikata. Lakini hapo sikukaa sana; alielewa upesi, ni mtu aliyefanya kazi za zamu.

Kuhusu wezi. Kabla hajaondoka alinong'ona kama kuna namna ya kuizuia hadithi yake isiibwe, kwa sababu kijana wa steshenari anayemchapia angeweza kuinakili. Swali hili huulizwa na karibu kila anayeanza, mara nyingi kabla hajafika ukurasa wa tano. Nikamwambia kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapoundwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi wa kushika mkononi siku ya ugomvi, na hilo tutalifanya mswada ukiwepo. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, nayo ataiomba Maktaba ya Taifa. Kwa sasa hakuna cha kuiba. Hakuchukia, alicheka.

Jinsi maneno ya mdomoni yanavyoingia kwenye karatasi

Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Alileta rekodi tisa na kurasa alizozinakili. Hapa nionyeshe kitu kimoja kwa karibu, kwa sababu watu wakisikia "andika unavyoongea" wanadhani kazi imeisha.

Alichonakili kutoka kwenye simu: "Sasa basi bwana, yaani baba alikuwa, unajua, baba yule alikuwa hapendi, yaani hataki kabisa mtu amguse kofia yake, ile ya kazini, ile kofia yaani ilikuwa imekaa pale msumarini, basi sasa siku hiyo mimi nikaivaa."

Ukisikiliza, ni tamu. Ukisoma, unachoka. Sauti ina mikono na macho ya kuisaidia, karatasi haina. Nikampa kalamu nyekundu nikamwambia akate asichokihitaji bila kuongeza neno. Akakaa nayo kama robo saa. Akabaki na hii:

"Baba alikuwa hataki mtu amguse kofia yake ya kazini. Ilikuwa imekaa msumarini. Siku hiyo nikaivaa."

Nikamuuliza kwa nini hakuikata "ilikuwa imekaa msumarini", maana tunajua kofia hukaa mahali. Akasema, "Msumari ulikuwa juu. Nilipanda kinu kuufikia." Basi nikamwambia akiandike hicho kinu, tukakiongeza. Hiyo ndiyo ruhusa pekee ya kuongeza niliyompa siku hiyo.

Alipoondoka nilijipongeza. Nilikuwa nimeshaanza kuwasimulia wenzangu.

Sayyid Majid anarudi

Wiki ya tatu akaja na daftari limetulia kwapani kwa namna niliyoitambua. Nikafungua. "Awali ya yote." Mzizima. Majid. Wajerumani walikuwa wamepata ukurasa mzima wa ziada. Kofia haikuwepo, wala koroboi.

Nilikasirika, sitaficha. Nikamuuliza, kwa adabu niliyoitafuta sana, kama zile rekodi zilipotea. Hazikupotea. Ila amefikiri upya, ameona kitabu lazima kiwe na heshima. Nikasema koroboi lina heshima. Akasema ndiyo, lakini. Ikawa "lakini" ndefu, na mwisho wake kulikuwa na dada yake.

Dada yake mkubwa anakaa Mbagala, anamzidi miaka minane. Mzee alikuwa amempelekea habari ya kitabu tangu Januari. Dada aliuliza swali moja: "Kwa hiyo baba utamwita kuli, kitabuni, watu wasome?"

Hapo nikaelewa kwamba wiki zote hizo nilikuwa nikitibu kikohozi cha mtu aliyevunjika mguu. Lugha ya kiofisi ilikuwepo kweli, na mlima ulikuwepo kweli, lakini hivyo viliondoka kwa wiki mbili za simu. Kilichobaki ni kwamba kila alipokaribia mwaka ambao baba anaingia bandarini, ilimlazimu kuandika kazi ya baba, na neno lake halikuandikika. Ndiyo maana aliendelea kuuzungukia mji. Utangulizi ulikuwa unamchelewesha mahali salama. Rudia kuhesabu: alianza upya mara sita, na mara zote aliishia kabla ya 1925.

Mtu wa nje anaweza kuona dada anajivuna bure. Mimi nimekulia Temeke, najua neno hilo linavyotupwa. Mtoto akivaa ovyo anaambiwa "kama kuli". Akila kwa pupa, kama kuli. Lilitufikia kutoka India, likiwa tayari limebeba dharau yake, na hapa kwetu halikuitua.

Tulijaribu maneno mengine, mezani, dakika nyingi. Hamali: zuri, lakini baba hakuwahi kujiita hivyo. Mpagazi ni wa misafara ya bara. "Mfanyakazi wa bandari" lilimpendeza dada, ila mzee mwenyewe akalikataa: "Mfanyakazi wa bandari ni mimi niliyekaa kivulini na kalamu. Tukiitwa jina moja, mgongo wake unapotea." Kibarua lilikaribia sana, kwa sababu ndivyo walivyoajiriwa wengi wao, kwa siku, na neno lenyewe linatoka kwenye barua, ile karatasi ndogo anayopewa mtu wa kutwa. Tukalibakiza kwa kueleza ajira. Kazi yenyewe bado ilikuwa haina jina jingine.

Sikuwa na hoja ya kumshinda dada mtu, na sikuwa na haki hiyo. Nikamwambia mzee asimpelekee daftari. Ampelekee simu. Amsikilizishe lile la koroboi, basi, asimwombe chochote.

Kandili

Alikwenda Jumapili. Alichonisimulia baadaye nakiandika kama alivyokisema.

Dada alisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Halafu akasema, "Haikuwa koroboi. Tulikuwa na kandili." Mzee akabisha, anakumbuka moshi puani. Dada akasema, "Wewe unakumbuka koroboi kwa sababu ulikuwa mdogo. Kandili tuliliuza. Baba alipoanguka na mzigo alilala ndani miezi mitatu. Aliporudi kazini ndipo koroboi. Na unadhani kwa nini mama ndiye aliyekuwa akimchambua hizo katani? Alikuwa hawezi kuinua mikono kufika kichwani."

Miaka hamsini na tano mzee amebeba picha ya mapenzi ya uani, mama anamchambua baba nywele, bila kujua anatazama jeraha. Kuanguka kwenyewe hakukumbuki kabisa.

Kuhusu lile neno, dada hakutoa ruhusa kwa namna ya ruhusa. Alipokuwa anamsindikiza kituoni akamwambia, "Kama ni kuli, basi uandike na mgongo."

Kwa wanaoanza kuandika habari za wazazi wao, hapa ndipo ningependa watulie. Nilikuwa nimemwambia mzee aandike alichokiona kwa macho yake, na ushauri huo ulifaa kumtoa kwenye Sayyid Majid. Lakini macho ya mtoto wa miaka sita yaliona koroboi tu. Maana yake ilikuwa imekaa Mbagala. Ningemzuia asimwendee dada kwa sababu "anamkatisha tamaa" — na nilikaribia kusema hivyo — kitabu kingekuwa kizuri na cha uongo.

Tulikubaliana aandike vyote: kwanza koroboi kama alivyolishika, na mtoto haelewi kitu, halafu, kurasa kadhaa mbele, kandili, kwa sauti ya dada. Asisahihishe cha kwanza kwa kutumia cha pili.

Neno tishari

Kosa la aina nyingine lilijitokeza mwezi wa nane, na hili lilikuwa la kukaguliwa si la kuulizwa nyumbani.

Katika rekodi moja mzee alisimulia mgomo kama alivyoupokea kwa baba: Septemba 1947, makuli wa Dar es Salaam wanaacha kazi, mgomo unaanzia bandarini na kusambaa kufuata njia ya reli kwenda bara. Kumbukumbu za historia zinasema hivyohivyo. Chama cha makuli kiliundwa katika vuguvugu hilo, na baada ya mgomo mwingine wa 1950 ulioishia kwenye fujo, kikafutwa. Mpaka hapo yuko sawa. Lakini mzee akapamba: baba anashuka ngazi ya meli, anakanyaga gati, anautupa mzigo chini, anageuka na kuondoka.

Tatizo ni gati. Gati za kina kirefu, ambazo meli kubwa inaweza kuzisogelea ubavu kwa ubavu, zilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1956. Kabla ya hapo meli zilitia nanga ndani ya bandari, na shehena ikaletwa pwani kwa matishari, yaani mashua bapa za mizigo. Mwaka 1947 baba hakuwa na gati ya namna hiyo ya kukanyaga akitoka melini.

Ajabu ni kwamba aliyekosea amefanya kazi kwenye gati hizo maisha yake yote. Ndiyo sababu ya kukosea. Alizijua mno hata hakufikiri kama kuna siku hazikuwepo. Na ushahidi alikuwa nao kwenye simu: katika rekodi ya wiki ya pili, mzee anamnukuu baba akisema, "Ukitoka tisharini, ardhi ndiyo inayotembea." Mzee alilinakili neno hilo akalipita, akidhani ni msemo tu wa wazee wa majini. Tuliporudi nalo kwenye 1947, tukio zima likabadilika. Mtu aliyeko kwenye tishari katikati ya maji hawezi kutupa mzigo na kuondoka. Lazima asubiri arudishwe pwani pamoja na wenzake, na msimamizi yuko humohumo.

Alitaka kukimbilia Upanga siku ileile, Nyaraka za Taifa, afukue kila kitu. Nikamshika shati. Nimeona watu wanaingia kwenye majalada ya zamani wakiwa na kitabu, wanatoka na mabox ya fotokopi, kitabu hakipo. Makubaliano yetu: panapotia shaka aweke alama ya kuuliza pembeni kwa kalamu nyekundu na aendelee mbele. Alama zikifika ishirini, aende nazo, aulize hizo ishirini, arudi nyumbani.

Alipofika sasa

Mwezi huu wa kumi na moja ana kurasa 38 zilizochapwa. Kijana wa steshenari hajaiba kitu. Mzee anasema ameanza kumuuliza "halafu ikawaje" anapokwenda kuchukua kazi. Dada anarekodiwa kila Jumapili ya pili ya mwezi na anadai asomewe kilichoandikwa kabla hakijapelekwa kuchapwa, jambo linalochelewesha kazi na ambalo sijaligusa. Sayyid Majid amebaki na mistari minne, ndani ya sura ambayo baba anamwonyesha mtoto mji kutoka Kivukoni. Mwaka 1947 bado hajaufikia. Neno kuli liko ukurasa wa kwanza, mstari wa pili.

Wiki iliyopita alinipigia saa kumi na mbili asubuhi.

"Nimefika pale baba anapoanguka. Nimekwama."

"Umekwama wapi, mzee?"

"Mzigo. Dada anasema ilikuwa pamba, mimi nasema katani."

"Weka alama ya kuuliza, uendelee."

"Nimeshaweka," akasema. "Nilitaka tu kukusikia ukisema."